Darini kwa Mwanarehema

Tangu alfajiri jeshi lilikuwa likiipiga kambi ya msituni, nyuma ya mashamba ya Likoni, walikojichimbia vijana waliokula kiapo kwamba Pwani itajitenga iwe nchi yake. Kila mzinga ukilia, vyombo vilicheza kabatini kwa Mwanarehema, na roho yake ikacheza navyo. Vijana wale waliambiwa risasi zitageuka maji. Waliowaambia, kama kawaida ya waganga, siku ya kuyajaribu hayo maji hawakuonekana.

Luqman, mwanawe wa pekee, alikuwa mmoja wao. Lakini alikwisha toroka. Saa hiyo alikuwa amelala kifudifudi darini, nyuma ya magunia ya makumbi ya nazi, juu ya kichwa cha mamake, na askari wawili walikuwa mlangoni.

"Mama, kijana wako ako wapi?" aliuliza mkubwa wao, Odhiambo, mtu wa bara, bunduki kifuani.

"Kenda Bamburi, baba, kwenye kazi ya simiti. Wallahi hayuko hapa."

Hakupata kuapa uongo maishani mwake, na leo ameapa bila kupepesa jicho. Odhiambo alichungulia uvunguni, akafunua pazia la chumbani, akakohoa vumbi. Mwenzake alikwisha choka, akasema waende nyumba ya pili. Wakageuka kutoka.

Hapo ndipo helikopta ilipopita juu ya paa, na bomu likaanguka karibu kuliko yote. Nyumba ikatikisika, udongo ukamwagika. Mwanarehema akaingiwa na hofu isiyo na akili, akafanya lile alifanyalo mama yeyote nyumba ikimwangukia.

"Luqman!"

"Labeka, mama!"

Sauti ilitoka juu, safi, ya heshima. Samaki mkunje angali mbichi, na yeye alimkunja hasa, kwa mwiko na kwa kofi, mpaka mtoto akawa haitwi na mzazi akanyamaza, hata usingizini. Majirani wote walimsifu kwa malezi hayo.

Odhiambo aliinamisha macho kidogo. Kisha akaelekeza bunduki darini.

Walimtoa mikono kichwani, vumbi la makumbi nyweleni.

"Tembea mbele," Odhiambo alimwambia. "Ukigeuka nyuma tu, tunapiga."

Mwanarehema alisimama kizingitini. Alitaka kumwita, japo mara moja, amwombe msamaha. Lakini alijua akimwita atageuka amwitikie. Akaziba kinywa kwa mikono yote miwili, akakiziba hadi lori la jeshi likaondoka naye.