Hatua Arobaini Kutoka Darajani

Mimi ni fundi wa maabara ya shule, na mimi ndiye mama wa msichana aliyeumia. Watu wakisikia hayo mawili pamoja hunionea huruma mara mbili. Wangesikia la tatu wasingenionea hata mara moja, kwa hiyo nalisema mapema: nilijua kwamba mwalimu wa baiolojia haoni, nikamfichia siri.

Niligundua muhula wa kwanza. Alikuja maabara kuchagua slaidi za kufundishia, akawa anazipapasa lebo kwa kidole kama mtu anayetafuta upele. Nikamwambia hiyo ameishika juu chini. Akacheka, kisha akaketi kwenye stuli akaniambia yote. Ukungu ulikuwa umeanza katikati ya macho yake yote mawili, na madaktari walimwambia hauna kurudi nyuma. Pembeni aliona bado, ndiyo maana alitembea bila fimbo. Lakini kusoma hakuweza, wala kutambua uso wa mtu aliye mbele yake. Uongozi ukijua, alisema, hamalizi wiki.

Mtu mwenye akili timamu angekwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Mimi nina mtoto. Binti yangu alisoma miaka miwili bila mwalimu wa baiolojia, yeye na wenzake wakinakili madokezo aliyowaandikia ubaoni mwalimu wa historia, ambaye naye hakuyaelewa. Na huyu mtoto anataka udaktari wa mifugo tangu alipokuwa na miaka sita. Alipokuja mwalimu huyu, Panzi kama wanafunzi walivyomwita kwa ile miguu yake mirefu, alama za binti yangu zilipanda kutoka thelathini na nane hadi themanini na moja. Nikapima kama mama. Kesho yake nikaanza kuandika lebo za maabara kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano.

Tena alifundisha vizuri kwa sababu ya ule upungufu. Asichokiona alikishika, alikinusa, alikiponda kati ya vidole, na wanafunzi wakafanya hivyohivyo. Walidhani ni mtindo wake. Binti yangu alikuwa anarudi nyumbani vidole vinanuka majani, ananieleza mambo ya mizizi mpaka chakula kinapoa.

Wiki saba kabla ya mtihani wa mwisho ikapangwa ziara ya hifadhi. Mwalimu wa taaluma, mama mmoja makini anayeandika kila kitu kwenye daftari lake jeusi, akatangaza kwamba naye anakuja. Minong'ono kuhusu macho ya Panzi ilikuwa imemfikia. Panzi akanifuata maabara kuniuliza tutafanyaje. Nikamwambia tutafanya mazoezi.

Jumamosi tukaenda hifadhini wawili tu, tukaitembea ile njia mara nne. Tulichagua vituo kumi na viwili, akavikariri kwa hatua na kwa mkono. Kituo cha saba kilikuwa hivi: ukivuka daraja la mbao, hesabu hatua arobaini, geuka kushoto, hapo pana kichaka ambacho jani lake ukilivunja linanukia limau. Alipokosea nilimrudisha mwanzo. Sikumhurumia. Jioni alikuwa anaijua njia kuliko mimi.

Siku yenyewe, Jumamosi iliyofuata, ilianza vizuri hata nikajisifu. Kuna msichana wanamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Huyo alimuuliza Panzi ndani ya basi kama nyani nao wana mwalimu wao wa taaluma. Basi zima likacheka, na mwalimu wa taaluma mwenyewe akageukia dirishani kuficha meno. Vituo sita vya kwanza vilikwenda kama maji. Panzi alisimama penyewe, akashika mti wenyewe, akaeleza. Mwalimu wa taaluma alikuwa anaandika, na kwa uso wake niliona kwamba anayoyaandika ni mazuri.

Kisha tukafika kijitoni. Mvua ya katikati ya wiki ilikuwa imelibomoa daraja letu, na wafanyakazi wa hifadhi walikuwa wamejenga jingine mbali kidogo, upande wa chini wa kijito. Mbao zilikuwa mpya, bado zinanuka msumeno. Nililiona. Nikawaza kwamba wamefanya kazi nzuri, na haraka. Sikuwaza zaidi ya hapo, mimi niliyetembea njia ile mara nne. Panzi alisikia mbao chini ya viatu vyake akaanza kuhesabu.

Kwenye hatua ya arobaini akageuka kushoto, akanyoosha mkono kuelekeza kichaka, akawaambia kila mmoja achukue kitawi akivunje karibu kabisa na pua, maana harufu ya mmea ule inatoroka upesi.

Mimi nilikuwa nyuma na mfuko wa huduma ya kwanza. Nikayaona majani: manene, laini, yameshikana na shina la kijani lililojaa maji. Ulikuwa mmea ndugu wa mnyaa. Mnyaa wa uani kila mtoto anaujua, umekaa kama vidole na hauna majani ya maana. Huu una majani, kwa hiyo hakuna aliyeushtukia. Maziwa yake yanababua ngozi. Nilisomeshwa hayo chuoni, na kabatini mwangu ninao mmoja uliokaushwa, nimeuandikia onyo kwa mkono wangu.

Neno moja lingetosha. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna mlango. Lakini mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama begani kwangu, kalamu wazi. Nikisema waache, atauliza kwa nini. Mwalimu ataumbuka mbele ya wanafunzi wake, na mwanangu atabaki wiki saba bila mtu wa kumfundisha. Nikawaza nipite mbele taratibu nimvute Panzi shati. Nikawaza huenda watavishika vitawi mbali na uso. Yaani nilikuwa nawaza, na mawazo yenyewe ya akili kabisa, wakati binti yangu, aliyekuwa mbele ya wote kama kawaida yake, anafanya alivyoambiwa na mwalimu.

Kitawi kilikuwa kigumu. Akakivuta kwa nguvu, kikakatika, maziwa yakaruka.

"Mama," akasema. Shuleni huniita Fundi, kama wenzake.

Nilimlaza chini, nikamfumbua jicho la kulia kwa vidole, nikamwagia maji. Nilimaliza chupa yangu, nikamaliza za wanafunzi wote, moja baada ya nyingine, na yeye anapiga mateke na kunikwaruza mikono. Nyuma yetu nilimsikia Panzi anauliza ni nani, ni nani aliyeumia. Akauliza tena.

Redio ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini nisiyowahi kuisikia kwake. "Mwalimu, si huyo hapo mbele yako?"

Mwalimu wa taaluma akafunga daftari.

Hospitalini daktari alisema kioo cha jicho kimeungua. Akatoa dawa ya matone, kila baada ya saa mbili, na akasema tusubiri. Mama yangu akaja kukaa nasi kunisaidia. Panzi aliandika barua ya kuacha kazi kabla hajaombwa. Alipokuja maabara kuchukua koti lake alinong'ona kwamba hakunitaja popote, kwa kuwa mimi nina mtoto. Nikamshukuru. Hebu fikiria, nikamshukuru. Darasa likarudishwa kwa mwalimu wa historia, kwa hiyo hata kile nilichonyamazia hatukukipata.

Nyumbani binti yangu alikuwa anamtetea. Akasema Panzi ni mwalimu mzuri kuliko wote, na kosa ni lake mwenyewe, alivunja karibu mno. Alilisema siku ya kwanza, akalisema tena juma lililofuata. Kila mara nilimwambia anyamaze apumzike. Wiki tatu nzima nilimwacha ajilaumu.

Siku daktari alipotuambia kwamba kovu limekaa, na kwamba jicho lile litaona mwanga na kivuli cha mkono basi, aliuliza swali moja tu, kama mtu wa jicho moja anaruhusiwa kusomea udaktari wa mifugo. Daktari akamwambia awaulize chuo. Tulirudi nyumbani. Jikoni akasema tena kwamba laiti angekishika kile kitawi mbali kidogo tu. Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, lebo, mazoezi, daraja, nikiwa nimesimama na sufuria mkononi.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliuona mmea kabla sijavunja?"

"Niliuona."

"Ulikuwa na muda?"

"Ulitosha."

Akaishika meza kwa mikono miwili. "Angekuwa Redio amesimama pale mbele, ungesema?"

Uongo mzuri ulikuwepo, na huenda ungemfaa. "Hapana," nikasema. "Ningenyamaza vilevile."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, akaenda chumbani.

Saa ya dawa ilipofika nikachukua chupa nikamfuata. Alikuwa amelala chali, tayari. Aliponiona akasema bibi ndiye amtie dawa. Mama yangu ana miaka sabini na minane na mikono inamtetemeka, kijiko tu hukishika kwa mashaka. Akaketi kitandani, akainua chupa. Tone la kwanza likaangukia shavuni. La pili likapita pembeni, likaingia kwenye nywele.

Nikanyoosha mkono.

"Mwache," mwanangu akasema, jicho wazi, anatazama dari. "Atapata tu."

Nikarudi mlangoni, nikasimama, na mama yangu akajaribu tena.