Sista Anauguzwa

Hospitali ilipomrudisha Sista nyumbani, daktari hakumung'unya maneno. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, dawa zilikuwa zimegonga mwamba, na kilichobaki ni kumtunza asiumie. Kisha akampa mume wake kikaratasi chenye namba ya simu ya shirika moja la hisani linalopeleka wauguzi majumbani kwa wagonjwa wa saratani, bure kabisa.

"Piga leo," alisema.

Mume akakikunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni, akidhani mke wake hajaona. Lakini hakuna kitu kilichompita Sista. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo hivyo, Sista, mpaka mumewe naye akazoea. Mume alikuwa kinyozi. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa chini ya ghorofa waliyoishi, na watu walimwita Kinyozi. Huko kibandani alikuwa bosi. Akipanda ngazi akaingia ndani, cheo chake kilikuwa kimoja tu: msikilizaji.

"Usiwapigie hao watu," Sista alisema ndani ya teksi. "Nimeuguza watu maisha yangu yote. Sitaki vitoto vije kunishika shika."

"Sawa," alisema Kinyozi, na kesho yake akapiga.

Alipiga akiwa kibandani, mlango kaufunga, kama kijana anayempigia mchumba kwa siri. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshindwa. Mtu huyu alipitisha wembe kwenye shingo za watu tangu ujana wake na mkono haukumtetemeka hata siku moja, lakini akisikia mgonjwa anagumia, miguu inamlegea. Siku Sista alipojifungua binti yao, aliyezimia ni yeye, akalazwa kitanda cha jirani, na hadithi hiyo Sista hakuacha kuwasimulia wageni. Sasa asubuhi hiyo alikuwa amejaribu kumwinua mke wake aende msalani. Akamshika vibaya kwapani, Sista akapiga ukelele. Hakuwa amewahi kuusikia ukelele wa mke wake. Wote wawili wakabaki wameduwaa, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Muuguzi alifika keshokutwa yake, mwanamke mfupi mwenye begi mgongoni na raba miguuni, anahema kwa sababu ya ngazi. Alinawa mikono jikoni, akaingia chumbani. Sista akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Wewe nakujua."

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Ngoja kwanza. Wewe ni yule wa kulialia. Ulikuwa mafunzoni wodini kwangu, nikakutoa nje mbele ya wagonjwa."

"Ndiye mimi."

"Na bado unalia?"

"Nalia," alisema muuguzi, huku akifungua kipima presha. "Ila siku hizi namaliza kazi kwanza."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni tayari kutoka mbio, aliona mdomo wa mke wake ukicheza kidogo. Tangu siku hiyo muuguzi hakuitwa kwa jina lake tena humo ndani. Akawa Machozi.

Machozi akauliza juu ya maumivu. Akaomba yapewe alama, sifuri ikiwa hakuna kabisa, kumi ikiwa hayavumiliki.

"Mbili," alisema Sista.

"Nane," alisema Kinyozi.

Hakujua neno lile limemtokaje. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumkosoa mke wake mbele ya mtu, sembuse kwa jambo la uuguzi. Sista akamgeuzia yale macho yaliyowatoa jasho wanafunzi wa enzi zake.

"Mgonjwa humu ni nani?"

"Ni wewe. Lakini anayekusikia ukisaga meno ni mimi."

Machozi akaandika nane.

Shida yenyewe ilianza chupa ilipotoka kwenye begi. Ilikuwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, na Sista aliitambua kabla hata haijawekwa mezani.

"Hiyo tulikuwa tunawapa wanaoondoka," alisema. "Ikishaletwa, kila mtu wodini anajua kitanda kile kiko karibu kuwa wazi. Irudishe ulikoitoa."

"Siku hizi mtu anapewa kwa sababu anaumia, Sista. Wako wagonjwa wangu wanaoinywa mwaka wa pili huu, na sokoni wanakwenda."

"Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nakupa habari za kazini tangu ulipotuacha."

Sista akageukia ukutani, na maongezi yakaishia hapo.

Machozi aliiacha chupa hata hivyo. Akiwa jikoni alimwonyesha Kinyozi jinsi ya kuvuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpaka kwenye mstari aliouchora kwa kalamu nyekundu. Akampa na namba ya simu ambayo mtu huipokea saa yoyote. Kinyozi aliishika ile chupa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa mkasi."

"Mimi nitakuja mara chache kwa wiki, mzee. Siku zilizobaki muuguzi wake ni wewe."

"Basi tumekwisha," alisema Kinyozi, na wala hakuwa anatania.

Chupa ikakaa juu ya friji. Sista akawa anakula kidogo, halafu kidogo zaidi. Akaacha kusikiliza redio, akaacha hata kumgombeza, na hilo ndilo lililomtia Kinyozi hofu kuliko yote. Mchana mmoja alipokuwa akivuta shuka lililolowa kutoka chini yake, Sista aliuma ncha ya mto na machozi yakamtiririka mpaka sikioni. Hakutoa sauti. Kinyozi alisimama na shuka mkononi. Alimfahamu mke wake. Kumbembeleza asingekubali, kumlazimisha ndiyo kabisa. Lakini alijua jambo moja: Sista hajawahi kuona kazi imefanywa ovyo akaiacha ilivyo.

Akaenda jikoni, akavuta dawa. Akaacha kiputo kikubwa cha hewa katikati, na dawa haikufika hata nusu ya mstari. Akarudi nayo chumbani, ameinyanyua kama mtu anayekagua taa.

"Nini hicho?" akauliza Sista.

"Dawa. Nimeshapima."

"Umepima nini hapo? Hiyo ni hewa tupu. Lete."

"Machozi alinionyesha hivi hivi."

"Kama alikuonyesha hivi basi hakujifunza chochote kwangu. Lete hapa, na chupa uilete!"

Akaegemea mito kwa tabu, akarudisha dawa kwenye chupa, akavuta upya polepole. Akaligonga bomba kwa ukucha, kiputo kikapanda, akakitoa. Dawa ikagusa mstari mwekundu barabara. Ndipo akagundua kwamba amekaa na dozi kamili mkononi, na mume wake amesimama mbele yake na glasi ya maji.

Walitazamana.

"Wewe mzee ni mshenzi," alisema Sista.

"Ndiyo. Sasa utaimwaga?"

Sista akaanza kucheka, kicheko kikamuuma mgongo, akalaani, akainywa.

Hakuondoka siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Alilala usingizi wa kweli, akaamka anadai supu. Kero mpya ikawa choo, kwa maana mofini hufunga tumbo, na Machozi akaleta dawa ya kulifungua. Wateja wakimuuliza Kinyozi habari za nyumbani, anajibu, "Leo tumepata choo, tunashukuru," nao wanamwangalia kwenye kioo wasijue wacheke au wampe pole. Sista akaanza kukaa kibarazani, mto mgongoni, akipokea salamu za majirani na kuwaeleza makosa yao. Machozi naye hakusalimika. Aliambiwa anafunga bendeji kama mtu anayefunga mzigo, na wiki iliyofuata alifunga vizuri zaidi, akaambiwa bado.

Siku moja Machozi alilalamika kwamba shirika limepata watu wapya wa kujitolea, ila wanajifunzia kumgeuza mgonjwa kwa mdoli, na wakikutana na mtu wa kweli wanaganda.

"Mdoli hawezi kukwambia mikono yako ni ya baridi," alisema Sista. "Walete hapa."

"Wapi hapa?" akauliza Kinyozi.

"Hapa kitandani kwangu. Nimechoka kutazama dari."

Kinyozi alipinga. Alisema nyumba si darasa, alisema mgonjwa anahitaji kupumzika. Alisikilizwa kwa heshima zote, na wanafunzi wakaja. Walikuwa watatu. Mmoja wao lilikuwa pande la mtu, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye alimgusa Sista begani kwa vidole viwili kama anajaribu kama pasi imepata moto.

"Unaogopa nini, baba?"

"Naogopa kukuumiza, mama."

"Ukinishika hivyo naona nadondoka. Weka kiganja chote. Goti lako liweke kitandani. Sasa kabla hujafanya lolote, niambie unataka kufanya nini."

"Nataka… nakugeuza upande wa dirisha, mama."

"Haya, nigeuze."

Akamgeuza. Sista akasema, "Tena." Akamgeuza tena. Walipokezana wote watatu, na Sista akitoa amri huku jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo. Kisha akamwona mume wake mlangoni.

"Na wewe unatazama sinema? Njoo upange foleni."

Kinyozi akapanga foleni. Zamu yake ilipofika alipanda goti kitandani, akaweka kiganja kwenye bega na kingine kwenye nyonga, akasema, "Sista, nakugeuza." Mke wake akaja kwake mwili wote mara moja, mwepesi kuliko alivyotarajia. Hakuna aliyepiga ukelele.

"Huyu amefaulu," Sista aliwaambia wengine, uso wake ukiwa kwenye shati la mumewe. "Asipewe sifa, ataharibika."

Wageni walipoondoka alilala mchana kutwa. Alipoamka alisema yule wa lori atafaa sana, ila yule mwembamba ana haraka, Machozi amwangalie. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mambo yakifika mwisho asitolewe humu ndani. Alimwambia mume, na Machozi alipokuja akamwambia naye.

Mwisho ulikuja asubuhi ya Jumapili. Binti yao, anayefanya kazi benki katika mji mwingine, alikuwa amefika siku mbili kabla. Yeye ndiye aliyesikia pumzi ya mama yake imebadilika, ikikwaruza kooni, inasimama, inaanza tena. Akatoka chumbani amebadilika rangi, simu mkononi.

"Baba, naita gari la wagonjwa."

"Hapana, mwanangu."

"Hapana nini? Humsikii? Anakabwa!"

"Mama yako alisema asitolewe."

"Baba, wewe mambo haya huyajui!"

"Siyajui," alisema Kinyozi. "Anayeyajua ni yeye, na ndiye aliyesema."

Binti akaanza kulia kwa hasira. Kinyozi hakumkemea. Alipiga ile namba, akaweka simu juu ya mto ili wote wasikie. Machozi akawaeleza: ile sauti ni mate yaliyotulia kooni, mgonjwa hana nguvu ya kuyameza, lakini hayamuumizi kama inavyosikika. Wamlaze ubavu. Yeye yuko njiani.

"Panda goti hapa," Kinyozi alimwambia binti yake. "Kiganja chote. Na umwambie kwanza."

"Mama," alisema binti, kamasi zikimtoka, "mama, tunakugeuza."

Wakamgeuza, na ule mkwaruzo ukapungua. Kinyozi akampa binti kikombe cha maji na pamba, akamwonyesha kulowesha midomo. Yeye akakaa upande wa pili, akaushika mkono wa mke wake. Kwa muda mrefu hakukuwa na jambo lingine la kufanya. Mtu alipita ngazini akipiga mluzi. Pumzi ikasimama, wakasubiri ianze, haikuanza.

Machozi alifika muda mfupi baadaye. Alifanya yote yanayofanywa, pamoja na Kinyozi, ambaye alizichana nywele za mke wake zile chache zilizoota baada ya matibabu, akazisawazisha kwa mkasi juu ya masikio. Kisha Machozi akanawa mikono, akatoka, akakaa ngazini na kulia mpaka akamaliza.

Baada ya mazishi binti alitaka kumchukua baba yake wakaishi wote. Kinyozi akasema labda baadaye. Akafungua kibanda. Wiki za mwanzo alikuwa akinyoa kimya, na wateja nao wakafanya kama wanasoma magazeti. Machozi alikuja mara mbili kumjulia hali, maana shirika huwa haliiachi familia hata baada ya mazishi. Mara ya pili alikuja na ombi. Mtaa wa pili kulikuwa na fundi friji ambaye mke wake anaumwa kama alivyoumwa Sista, na fundi huyo hataki hata kuigusa ile chupa.

"Mimi nikamwambie nini?" Kinyozi aliuliza.

"Sijui. Nenda tu mkae."

Alikwenda siku asiyofungua kibanda. Fundi friji alikuwa mtu mnene, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakazungumzia kazi, bei ya vyuma na vijana wanaotaka kunyolewa mistari kichwani. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mwanamke akigumia kidogo. Kinyozi aliisikia, na miguu yake ikabaki mahali pake.

Fundi aliinamisha kichwa juu ya kikombe.

"Mwenzangu, nikuulize kitu? Mkeo… aliumia sana?"

Kinyozi alifikiri kwanza, maana hakutaka kumdanganya.

"Mwanzoni aliumia sana, chupa ilipokuwa imekaa juu ya friji," alisema. "Baadaye kulikuwa na siku mbili tatu mbaya. Siku nyingine zote alikuwa ananigombeza."

Fundi akanyanyuka, akaingia jikoni, akarudi ameshika chupa na lile bomba, akaviweka mezani kati ya vikombe.

"Hebu nionyeshe," alisema, "halafu twende wote chumbani."

Kinyozi akauliza kwanza bafu liko wapi, akaenda kunawa mikono.