Kadi za Hadithi Tamu

Mamake Edith alifariki Alhamisi alasiri huko Vihiga, na kufikia Ijumaa asubuhi kila Mkenya aliyemfahamu hapa Doha alikuwa na habari, isipokuwa Edith mwenyewe.

Ndivyo tunavyofanya. Mtu aliye ughaibuni hapewi habari za msiba kwa simu. Kamati ya welfare inajulishwa kwanza, inakutana, inachagua msemaji, inatengeneza chai, halafu inakwenda kwake kwa pamoja ili akianguka kuwe na mikono ya kumshika. Sina ugomvi na mikono. Ninachouliza ni nani anakaa na mfiwa mpaka kamati ifike, maana safari hii nilikuwa mimi.

Mzee Laban, mwenyekiti wetu, alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Huku Doha ibada ni Ijumaa.

"Milcah, wewe ndio mnakaa room moja na Edith. Tukitoka kanisani tunakuja hapo Bin Mahmoud saa nane. Asiguse simu. Asijue kitu. Na wewe usilie."

Nisilie. Kana kwamba machozi yana mfereji wa kufunga.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kung'oa waya wa wifi. Edith ana binamu anayeitwa Bradley, kijana mwenye kidole chepesi, na nilipoingia Facebook tayari alikuwa amebandika picha ya shangazi yake na mshumaa. Edith alirudi kutoka lindo la usiku hotelini saa moja, akavua buti, akauliza kwa nini mtandao haupo, nikamwambia ni jengo zima. Akalala. Nami nikakaa kitandani kwangu na kadi mkononi, nikizichanganya na kuzipanga na kuzichanganya tena, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Kadi hizo zilikuwa kazi yangu ya jioni. Saa kumi nilitakiwa kuwa Al Wakrah, kwenye maonyesho ya wakazi wa kompaundi moja yenye ukuta mrefu, kati ya meza ya keki na ya kuchora watoto nyuso. Madam Chelsea, ambaye mwanawe namlea kwenye chekechea, ndiye mwenyekiti wa maonyesho, na aliniambia nina macho ya kusoma watu. Akanipa pakiti ya taroti, kadi za picha za kutabiria, na kitabu chake. Lakini kupiga ramli nchi hii ni kosa la jinai, na Madam hakutaka kamati yake iitwe kituoni, wala mimi sikutaka kupandishwa ndege kwa sababu ya mchezo. Kwa hiyo bango liliandikwa Kadi za Hadithi, nami nikapewa masharti: nisitabiri, nisitaje ugonjwa, nisitaje kifo. Kadi tatu za kutisha alizichomoa yeye mwenyewe akabaki nazo.

Nilikubali kwa nini? Nitasema kweli. Miaka minne napangusa makamasi ya watoto wa watu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuketi mbele yangu akangoja kusikia nitakachosema. Nilikitaka kitu hicho, hata kama ni kwa alasiri moja.

Kwa wiki tatu Edith ndiye aliyekuwa mteja wangu wa mazoezi. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifanya bibi wa Kijerumani asiyeamini kitu, au mume anayeficha mpenzi, nami nikamsomea huku tukicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kila mara alipocheka sana aliniambia nina kipaji cha kudanganya.

Siku hiyo aliamka saa saba mchana. Akanikuta nazunguka chumbani, nimeshika pakiti.

"Unatembeatembea hivyo tangu saa ngapi?"

"Niko na woga wa maonyesho."

"Kuja basi tufanye ya mwisho." Akapindua ndoo. "Hizo kadi Madam alitoa, bado hajarudisha? Sasa huko kwa wazungu nani atakufa?"

Nikainama nikajifanya naokota kitu. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Laban: *Ibada inaendelea. Vumilia.* Nikaenda dirishani, nikarudi, nikafungua friji, nikaifunga. Nilitaka saa nane ifike na nilitaka isifike.

"Leo sitaki kuwa Mjerumani," Edith akasema. "Nisomee mimi. Unajua Desemba naenda home. Uliza hizo kadi kama mum atafurahia."

Nilipaswa kukataa. Ningesema kichwa kinaniuma, ningemtuma dukani akanunue mkate. Lakini alikuwa ameshaketi, amekunja mikono mapajani kama mtoto wa shule, na mimi niliogopa kwamba nikikataa ataniuliza sababu. Nikatandaza leso sakafuni. Akachagua tatu.

Ya kwanza, malkia ameketi kando ya maji na kikombe mkononi. Ya pili, fundi anagonga sarafu kwa nyundo, moja baada ya nyingine. Ya tatu, mume na mke wamesimama chini ya upinde wa mvua, mikono juu, na watoto wanacheza pembeni. Hata mtu asiye na kipaji angetoa hadithi tamu hapo, na mimi kinywa changu kilikuwa na mazoezi ya wiki tatu. Kilianza kabla sijakiruhusu. Nikasema huyu malkia ni mama, ametulia, hana wasiwasi. Nikasema fundi ni wewe, na kila saa uliyosimama getini kwenye joto hili mama anaijua. Nikasema na hapa ni siku unayofika, yuko kwenye geti, ananyanyua mikono kabla hata gari halijasimama.

Edith hakucheka. Alifuta macho kwa kiganja.

"Unajua nilikuwa naogopa?" akasema. "Hizi siku mbili moyo wangu hautulii. Sijui ni nini. Sasa umenituliza."

Kabla sijamwelewa alikuwa amenyoosha mkono kitandani, ameshika simu, amewasha bando lake. Nilisema, "Edith, ngoja," lakini alishabonyeza na alikuwa anarekodi. Alizungumza Kimaragoli, ambacho sikielewi. Nilisikia jina langu, nikasikia Desemba, nikasikia akicheka kidogo mwishoni. Akatuma.

"Nimemwambia asichinje yule jogoo kabla sijafika. Na nimemwambia kuhusu wewe."

Tiki mbili zikageuka buluu papo hapo.

"Ona," akasema. "Mum huwa anakaa hata siku mbili bila kufungua voice note. Leo amefungua saa hiyo hiyo. Si ni vile ulisema?"

Akazima bando asilimalize, akaweka simu kifuani. Nikamwona mtu huko Vihiga, dadake Jennifer pengine, amesimama katikati ya waombolezaji na simu ya marehemu mkononi, akiisikia sauti hiyo ikicheka. Nilijichukia. Sijawahi kujichukia vile tangu nizaliwe. Saa ilikuwa saba na dakika ishirini.

"Edith," nikasema, "hiyo simu haiko na mum."

"Iko na nani?"

"Sijui. Labda Jennifer." Nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili. "Mum alituacha jana, saa kumi jioni. Alipata presha. Hakukaa sana."

Alinitazama. Halafu akatazama kadi tatu zilizokuwa bado juu ya leso. Akazikusanya, akazirudisha kwenye pakiti, akasawazisha kingo zake kwa kidole.

"Laban anakuja?"

"Saa nane."

"Na chai?"

"Na chai."

Hapo ndipo alipoanguka. Nilikuwa na mikono miwili tu, nayo ilimtosha. Alilia ameuma bega la blauzi yangu asisikike na majirani, nami nililia pia, Mzee Laban apende asipende. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu ilikuwa dakika kumi. Alipotulia kidogo nilimwandikia Madam Chelsea kwamba nina msiba na siji. Akajibu kwa pole na kuuliza kama nitamrudishia pakiti Jumapili.

Saa nane kasorobo Edith aliingia bafuni, akanawa, akajifunga kitambaa kichwani.

"Watakulaumu," akasema kutoka mlangoni.

"Wacha wanilaumu."

Walikuja wanne, na thermosi mbili. Laban mbele, mkewe Jerusha ambaye ni nesi, Jeremiah mweka hazina, na dereva mmoja aliyesimama karibu na viatu. Mkenya yeyote aliye ughaibuni akiona watu wanne na thermosi mbili mlangoni mwake bila kualikwa anajua. Lakini Edith aliwakaribisha, akawatafutia pa kukaa, akaomba radhi kwa chumba kidogo.

Laban akaanza kwa mbali. Alishukuru kwa ibada. Akazungumzia foleni ya magari huko Mesaimeer. Akaja kwa Ayubu, akakaa kwa Ayubu, halafu akasema kuna habari kutoka nyumbani kwamba mama aliugua kidogo.

"Anaendelea aje sasa?" Edith akauliza.

Niliinua kichwa. Alikuwa anamtazama mzee usoni kwa adabu zote, akimpa nafasi yake. Alikuwa anamwachia afanye alichokuja kukifanya.

Laban akasema. Sauti ilimkatika katikati, na nikakumbuka kwamba yeye pia alipewa habari za babake hivi hivi, kwenye chumba kama hiki. Edith akaenda chini, na mikono ikawa mingi, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza hata chembe. Jerusha alimpakata. Tulisali. Ilichukua muda mrefu.

Alipotulia, Jerusha alimfuta uso, akamwangalia kwa karibu kama nesi anavyoangalia, kisha akanigeukia mimi.

"Macho yake yalikuwa yamevimba tukiingia. Milcah, ulimwambia?"

Laban naye akanitazama. Kuvunja utaratibu wa kamati si jambo dogo kwetu; mtu huyo husemwa kanisani miezi sita, na akifiwa yeye watu huja wakiwa wachache. Nilifungua kinywa niseme ndiyo.

"Hakuniambia," Edith akasema kutoka mapajani mwa Jerusha, amefumba macho. "Alikuwa ananihadithia tu. Aliniambia mum ako kwa gate, ananingoja."

Sikuweza kumtazama. Nikavuta thermosi, nikaanza kumimina chai, na kikombe cha kwanza nikampelekea yeye.