Povu Kwenye Mfereji wa Uwanja

Sisi wa Majuro, kisiwa cha Pasifiki kisicho na mto, hatuvuni mvua kwa mapaa ya nyumba peke yake. Uwanja wa ndege ndio paa letu kubwa. Mvua ikipiga ile lami hukimbilia mferejini, na langoni mwa mfereji gurudumu la kugeuzia maji nalishika mimi. Maji ya kwanza nayaachia bahari, pamoja na vumbi na mpira wa matairi. Yakitakata nayageuza yaingie bwawani, yachujwe kwa mchanga na kutiwa dawa, ndipo yafike mabombani.

Mwaka ule wa ukame bwawa lilibaki tope. Kwa hiyo siku matone yalipoanza, nilipiga kelele kama mwehu! Mvua yenyewe ilikuwa nyembamba, lakini uwanja mzima ulipomwaga, mfereji ulifika magotini.

Mwenzangu Jurelang alichota bilauri, akaikodolea macho.

"Geuza, dada! Yametakata!"

Nikashika gurudumu. Hapo hapo nikaona povu, jeupe pepepe, linakuja linaelea.

Nilitoka mbio kuufuata mfereji. Wanawake wa kwaya walikuwa wamepenya kwenye tundu la uzio, wamejitosa na magauni yao, wanajisugua huku wakiimba. Katikati yao aliketi mama yangu, Limijwa, kichwa kizima sabuni.

"Mama! Toka humo!"

"Nitoke niende wapi? Tangu ukame uanze najifuta na kitambaa tu! Leo naoga."

"Hayo ni maji ya kunywa!"

"Ya kunywa? Si tumekuona unayamwaga baharini? Tukasema kuliko yapotee, bora tuoge."

Ni kweli nilikuwa nayamwaga.

"Yale ya kwanza, mama! Sasa nataka kugeuza, nanyi mnaniletea povu. Mvua ikikatika tutakunywa nini?"

Mashariki wingu lilishaanza kupasuka. Hasira ilinipanda hadi nikataka kulia.

"Ngoja nijisuuze kidogo tu, mwanangu..."

"Hata kidogo!"

Mama akatazama juu, akatazama mfereji. Akasimama, povu linamwingia machoni.

"Haya, tokeni nyote! Atakayebaki nitamtoa kwa makofi!"

Wakatoka wakipiga mayowe, wakakimbilia baharini kujisuuza na maji ya chumvi. "Mtoto gani huyu nimezaa!" nilimsikia mama akilalamika njia nzima.

Povu likapita, likaenda zake. Jurelang akachota tena: safi! Nikazungusha gurudumu kwa nguvu zangu zote, maji yakaingia bwawani yakinguruma, nasi tukakumbatiana tukirukaruka. Mvua haikuchukua muda ikakatika, lakini tope lilikuwa limeshafunikwa.

Jumapili mabomba yalifunguliwa. Baada ya ibada tulikula wali na samaki, na bilauri zilijazwa mpaka juu. Mama alikaa anajikuna shingo, anajikuna mgongo, kwa sababu sabuni na chumvi vilikuwa vimemchubua. Mchungaji alipomuuliza ana nini, alimsogezea bilauri.

"Wewe kunywa tu, mchungaji. Hayo nimeyalipia kwa ngozi yangu."