Tangi Lililohama

"Hilo tangi unaloliona ni jipya," fundi cherehani alisema, sindano ikiwa mdomoni. "La zamani lilikuwa kule chini, penye majani. Wewe mwenye kompyuta hukuambiwa?"

Mchora ramani aligeuka kutazama kule chini, kisha akautazama mlango. Mlangoni kwa fundi, alama nyekundu ya kubomoa ilikuwa bado mbichi.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na ramani yake, ya maji na yake, na miaka yote hazikuwahi kusalimiana. Kazi ya mchora ramani ilikuwa kuzioanisha, ijulikane bomba jipya litapita wapi. Alitafuta kitu kilichomo katika zote mbili, akaona tangi. Akabandika tangi juu ya tangi, la zamani juu ya jipya bila kujua, bomba likapasua nyumba za safu ya juu. Hakwenda kutazama. Nani huenda?

Alirudi ofisini mbio. Safari hii alizishikiza ramani kwenye nguzo za daraja; daraja halikuwa limehama. Mtaa ukateleza kwenye skrini, safu ya juu ikapona, na bomba likatulia juu ya vyumba viwili vya safu ya chini: vya shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno.

Akaondoa mkono kwenye kipanya kama aliyeungua. Hakuna mwingine aliyejua. Angefunga mdomo tu, fundi angefungasha cherehani yake, shangazi angelala kwake. Alikaa pale mpaka chai yake ikafanya utando. Kisha akamwita mkuu.

"Bosi, nimekosea. Safu ya juu haihusiki. Ni ya chini."

"Ya juu wameshapewa ilani."

"Basi zifutwe."

"Ilani inafutwa kama ubao wa shule?" Mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Ongeza na ya chini. Bomba lipate pa kupumulia."

"Bosi, wale ni watu..."

"Kijana, umefanya kazi nzuri. Usiiharibu kwa mdomo."

Alipofika safu ya chini, shangazi alikuwa juu ya kigoda, akipaka ukuta wa mbele chokaa, kanga imemkaa kombo kichwani.

"Umekuja kula au kusaidia?"

"Shangazi, nina neno."

"Shika brashi kwanza. Neno halikauki, chokaa inakauka."

Akashika. Akaanzia kando ya mlango, akapaka na kurudia palepale, huku shangazi akigomba kwamba hapo pameshakuwa peupe, asogee.