Alama Chini ya Skrubu

Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa. Fundi Rudin aliliona hilo kabla hajaketi: gundi imeinuliwa kwa kisu, tena kwa ustadi. Mafundi wote walikuwa uani wanakula mkate na jibini la saa tatu. Aliyebaki ndani alikuwa Caflisch, yule mhandisi mpya aliyetoka milima ya mashariki.

Ndani ya bahasha mlikuwa na bamba la kuungia mfupa, limekatika vipande viwili kwenye tundu la nne, pamoja na barua ya daktari. Mgonjwa, mpeleka barua wa bonde la pili, alikuwa amekaa nalo mguuni wiki tisa, likavunjika akipanda ngazi. Ijumaa madaktari wangekutana kuamua kama muundo huo uendelee kutumika au utupwe. Rudin ndiye aliyeuchora, akalichonga bamba la kwanza kwa tupa, na hakuwa na jingine la kujivunia duniani.

"Umeifungua wewe?"

"Imeandikwa jina la kiwanda, mzee. Haikuandikwa Rudin."

"Na ule mchoro wako wa bamba nene? Bado umo kwenye droo, au umeshampelekea bosi?"

"Umo. Unangoja ustaafu."

"Lo, bingwa wa karatasi! Hata tupa hujui inashikwa upande gani."

Caflisch akacheka. Rudin hakucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akavisogeza vile vipande mbali na mkono wa kijana. Alimshuku yeye, akawashuku waliouza chuma, akamshuku na daktari. Madaktari hulikunja bamba kidogo ili lifuate umbo la mfupa, na hilo halina neno. Ila wapo wanaokunja, wakanyoosha, wakakunja tena, mpaka chuma kikachoka.

Akachukua lenzi aliyokuja nayo kutoka kiwanda cha saa alikofanya kazi zamani, akaibana jichoni. Naam! Alama za koleo zilikuwepo, huku na huku. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Daktari amelikunja mara mbili," alisema. "Njoo uone mwenyewe."

"Nakuamini, mzee," alisema Caflisch, na safari hii hakuwa na kejeli. "Basi tuandike hivyo. Kosa la daktari. Mimi nitatia sahihi chini yako."

Wepesi ule ulimtia shaka. Rudin akarudi kuangalia, safari hii mahali penyewe palipokatika. Ufa hauji mara moja. Hutembea kidogo kidogo kwa kila hatua ya mgonjwa, ukiacha miduara kama ya kijiwe kilichotupwa majini. Aliifuata miduara hiyo kurudi nyuma, mmoja baada ya mwingine. Haikutoka kwenye alama za koleo. Ilitoka ukingoni mwa tundu, pale kichwa cha skrubu kinapofunika, kwenye mkwaruzo mwembamba kama unywele.

Ulikuwa mguu wa herufi R.

Kila fundi saa wa bonde lile akifungua saa hukwaruza alama yake kwa sindano ndani ya kifuniko. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Fundi mwenzake ataiona. Rudin aliacha kazi ya saa, mkono wake haukuacha kukwaruza.

Aliogopa, akaona na aibu. Barua ilikuwa mezani, kalamu ya Caflisch imeshafunguliwa.

"Weka kalamu," alisema. Akaitoa lenzi jichoni, akampa. "Anza kwenye ufa, urudi nyuma."

Caflisch aliinama muda mrefu. Alipoinuka, sauti ilikuwa ndogo.

"Yapo mabamba mangapi yenye alama hii?"

"Yote niliyomalizia kwa mkono wangu. Tangu mwaka juzi."

"Mungu wangu, mzee. Na yamo miguuni mwa watu."

"Kalete kadi za wagonjwa. Zote."

Kengele ikalia. Uani watu walikung'uta makombo, wakaanza kurudi kazini, na nje ya lango mwanamke mmoja alikuwa akiteremka mtaani na kikapu, taratibu, akiuegemea mguu wa kushoto. Rudin alisimama dirishani, akamhesabia hatua mpaka akapinda kona.