Mzunguko wa Kushoto

Dada yangu hapendi maswali darasani. "Tazama nyonga, funga mdomo," ndiyo salamu yake kwa kila mwanafunzi mpya, na ukithubutu kumjibu utatetemesha tumbo mpaka uombe radhi. Anafundisha densi ya tumbo katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Ukuta mmoja wote ni kioo, sakafu ni ya mbao, na harufu ya tepentaini inapanda kutoka chini ikikupa kizunguzungu kabla hujaanza kuzunguka. Yeye husimama mbele, mgongo kwa wanafunzi, uso kwa kioo, nao nyuma yake hufanya anachofanya. Mwana hutazama kisogo cha nina, walisema wahenga. Hawa hutazama makalio.

Mimi ni mdogo wake, tumbo moja, na kazi yangu ni kushona. Mikanda yote ya vipande vya shaba inayolia viunoni mwao imepita mikononi mwangu. Nasema bila kujisifu kwamba densi hii bila mkanda unaolia ni sawa na mtu anayejikuna hadharani.

Pembeni, juu ya kigoda, hukaa shemeji yangu na dumbaki yake pajani. Ni mume wa dada, na alikuwa mpiga ngoma wake hata kabla ya posa. Mtu mpole, mpole wa kukera. Ukimuuliza chai iwe na sukari au bila sukari atasema "vyovyote," kisha ataiacha ipoe. Dada ni moto, yeye ni maji, na ndiyo maana nyumba yao haijaungua mpaka leo.

Miaka iliyopita dada alicheza kila mahali penye jukwaa: harusini, mahotelini, kwenye tafrija za wakubwa. Siku moja, katika ukumbi wenye sakafu ya marumaru, mhudumu alimwaga maji na dada akayakanyaga. Aliangukia ubavu wa kushoto. Daktari alimwambia nyonga ile haitarudi kuwa ilivyokuwa. Alimsikiliza kwa adabu zote, akarudi jukwaani kabla daktari hajalisahau jina lake. "Nimepona," alituambia, na nani angebisha? Tulimwona kwa macho yetu akizunguka kulia, akizunguka kushoto, mwili na ngoma pamoja kama chanda na pete.

Mwanafunzi wake bora tunamwita Kijiti. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa mwembamba hata mkanda wangu ulimteremka mpaka magotini. Mchana anauza katika duka la dawa, jioni yuko kwetu, na ndoto yake ni moja tu, kuishi kwa kucheza. Basi hoteli moja yenye bendi yake ikatangaza kwamba inatafuta mchezaji wa kudumu. Dada akamwandaa kama bibi harusi. Alianza hata kumwita "mrithi wangu," neno ambalo hajawahi kunipa mimi niliyemfulia nguo toka utotoni.

Kijiti akaenda kujaribiwa. Alirudi jioni ile ile, darasa likiendelea, akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mwalimu, nimeharibu."

"Umeanguka?"

"Bora ningeanguka. Nimechelewa. Kila nikizunguka kushoto, bendi inafika kabla yangu. Mpiga ngoma wao akaacha kupiga kabisa, akaniuliza, 'Dada, unamngoja nani?' Watu wakacheka. Wamesema nirudi Jumamosi, nafasi ya mwisho."

Dada akasonya. "Bendi za siku hizi zinakimbia kama zimeiba. Njoo hapa kati. Tutatumia muziki wa simu, tuone."

Shemeji akainuka kigodani, jambo ambalo halifanyi bila sababu. "Mke wangu, mwache apumzike kwanza. Kesho ni siku."

"Kaa."

Akakaa.

Simu ikaunganishwa na spika. Kijiti akacheza, na kweli, kulia alikwenda vizuri, kushoto akachelewa. Si sana, ni kiasi cha mtu kumeza mate, lakini katika densi hiyo ni karne nzima. Dada akamwita muuguzi, mwanafunzi wa zamani. Naye akachelewa. Akamwita mama wa mapacha. Akachelewa. Akawapanga wote, na wote wakachelewa pamoja, kwa umoja wa kupendeza, kama waliokula kiapo.

"Nani amewafundisha uzembe huu?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yao likiwa limeshika kiuno.

"Haya, tazameni," akasema, akarudisha muziki mwanzo, akacheza mwenyewe. Jamani, dada yangu akicheza hata mimi niliyekua naye nasahau kufunga mdomo. Mabega yalitulia, tumbo likapanda na kushuka kama shuka inayokung'utwa polepole, kulia akazunguka kama siagi kwenye kikaango. Ikaja zamu ya kushoto. Dumbaki ya shemeji ilikuwa kimya, na simu haijamwoa mtu. Muziki ulikwenda, ukamwacha.

Akarudia. Ukamwacha tena. Mara ya tatu alizima simu kabla hajamaliza mzunguko. Hakumtazama mumewe kwa kioo kama kawaida yake. Aligeuka mwili mzima.

"Tangu lini?"

Shemeji akaifuta ngozi ya dumbaki kwa kiganja. "Tangu marumaru."

"Na mimi nikidhani nimepona!"

"Ulikuwa unacheza. Ungejua, ungeacha."

"Umenifanya mjinga mbele ya wanafunzi wangu."

"Sikukufanya mjinga," akasema kwa sauti ile ile ya chai na sukari. "Nilikungoja."

Darasa likavunjika bila kuagana. Nilimkasirikia shemeji njia nzima, nikaona ni mwongo wa kimya kimya, wale wabaya zaidi. Kisha, nikiwa napika, mkono wangu ukasimama na mwiko hewani. Niliwaza ni mara ngapi mtu yule amekaa kigodani akiusubiri mwili wa mkewe ufike, bila kumwambia yeyote, bila kulalamika, na hasira ikaniishia. Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Siku zilizofuata dada hakumsemesha mumewe. Alimpitishia salamu kupitia kwangu: "Mwambie shemeji yako chakula tayari," na mtu mwenyewe amekaa mbele yake, anasikia kila neno. Siku moja nilipokuwa nikimshonea Kijiti mkanda mpya, dada alikuja akakaa karibu na cherehani.

"Acha kushona. Nafunga darasa."

"Na Kijiti?"

"Atafute mwalimu mwenye nyonga mbili."

Nilijua kilichomuuma. Kumrekebisha Kijiti kulikuwa jambo rahisi, lakini lilitaka dada asimame mbele ya wote aseme kwa kinywa chake kwamba nyonga yake ni mbovu, na aonekane akishindwa. Kwake hilo lilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini dada yangu angechagua kifo, tena kifo cha mtoto wa watu. Hapo nikapandwa na mori.

"Nyonga ilikuwa moja ulipomfundisha," nikamwambia. "Na ndiye bora wao wote. Kwa hiyo usinitajie nyonga hapa. Sema unaona aibu, nitakuelewa."

"Nimekuwa mdogo wako siku hizi?"

"Leo tu."

Akaondoka bila kuaga, akanifungia mlango kwa kishindo. Nami nikaendelea kushona.

Darasa lililofuata alikuja wa mwisho, wanafunzi wakinong'ona. Akajifunga mkanda, akazungumza na mumewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Bwana ngoma, leo piga kama humjui mtu humu ndani."

"Nisikungoje?"

"Nimesema hunijui."

Kisha akafanya nisichowahi kukiona. Akakipa kioo mgongo, akawatazama wanafunzi usoni.

"Sikilizeni, sitarudia. Nyonga yangu ya kushoto ni mbovu. Niliumia, na huyu bwana amekuwa akiisubiri, na ninyi mmesoma ugonjwa wangu mkadhani ni mtindo. Kulia nifuateni mimi. Kushoto fuateni ngoma, mniache. Atakayeningoja nitamfukuza."

Mama wa mapacha akainua mkono. "Mwalimu, swali."

"Hakuna maswali!"

Wakacheka, naye nusura acheke. Ngoma ikaanza. Lakini, wallahi, ilipofika kushoto walimngoja wote, kwa heshima tu, jinsi mtu anavyosita mlangoni ili mkubwa atangulie. Dada akasimamisha. "Adabu mbaya hiyo! Tena." Wakamngoja tena. Shemeji alipiga kichwa chini, macho kwenye ngozi ya dumbaki. Kumwacha mkewe kulimuuma kuliko alivyoumia mwenye nyonga. Wakarudia mpaka jasho likadondoka sakafuni. Ndipo Kijiti akafumba macho, na pigo lilipokuja akaenda nalo. Muuguzi akafuata. Halafu wote, shaba zikalia kwa sauti moja, na mwalimu wao akafika baada yao, peke yake.

Aliwaona wote. Midomo ilimcheza kidogo.

"Hivyo hivyo," akasema. "Tena."

Jumamosi tulikwenda sote hotelini. Ilikuwa mchana, ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, mfagiaji akiendelea na kazi yake. Kijiti akasimama mbele ya bendi akiwa amekauka midomo. Mpiga ngoma akamkonyeza, "Leo humngoji mtu?" Hakumjibu. Kulia, kushoto, kushoto tena, akawa juu ya kila pigo kama ndege juu ya waya. Meneja hakungoja hata wimbo uishe. Alimwambia aanze wiki ijayo, na Kijiti akamkimbilia dada akamkumbatia mpaka mkanda wangu mpya ukakatika uzi.

Mkuu wa bendi, mzee kidogo, akamtambua dada. "Mama, si wewe yule wa zamani? Tupe heshima, japo wimbo mmoja."

Nilijua atakataa. Nilishashika mkoba wangu.

"Nitacheza," dada akasema. "Lakini nimekuja na mpigaji wangu."

Shemeji alikuwa ameketi nyuma kabisa. Akaja polepole, akaazima dumbaki ya bendi, akaigonga mara mbili kuijaribu. Kisha akamwuliza mkewe, si kwa kunong'ona, kila mtu akasikia:

"Nikungoje?"

"Ningoje," dada akasema. "Ila usizidishe, watu watadhani nimezeeka."

Bendi ikacheka, wanafunzi wakacheka, naye akaanza. Mfagiaji aliegemea ufagio. Kulia akapita bila wasiwasi. Kushoto ilipofika, mkono wa shemeji ukakaa hewani juu ya ngozi ya ngoma, sote tukiuona, na haukushuka mpaka dada yangu alipofika.